Jina Chini ya Kigoda

Mwanasesere wa kwanza wa mbao niliyemshika baada ya kuhamia Embu, Kenya, hakuwa wa Embu, wala hakuwa wa kwetu Uzaramoni, Tanzania. Alitoka Naruko, mji wa chemchemi za maji moto kaskazini mwa Japani. Mwenyewe alikuwa jirani yetu, dada wa Kijapani aliyekuja kufanya kazi upande wa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga ambako mkopo wa nchi yake ulisaidia kujenga bwawa la Thiba lililozinduliwa mwaka 2022. Mezani kwake, kati ya chupa ya chai na redio, alisimama mwanasesere huyo: kichwa cha mviringo, kiwiliwili mfano wa kigogo kidogo, hana mikono, hana miguu, kifuani maua mekundu. Jirani akakishika kichwa, akakizungusha, kikalia kwa sauti nyembamba. Kisha akampindua mwanasesere. Chini palikuwa na maandishi ya wino mweusi.

"Hili ni jina la aliyemtengeneza," akaniambia.

Wanasesere wa aina hiyo huitwa kokeshi. Walianza katika eneo la Tohoku mnamo mwanzo wa karne ya 19, pale mafundi wa kukereza mbao, ambao kazi yao ilikuwa bakuli na sinia, walipoanza kutengeneza vitu vya watoto vya kuwauzia wageni waliokuja kuoga maji moto. Kila bonde likapata mtindo wake. Wa Naruko hulia shingoni. Wengine wana kichwa kidogo, au mistari ya rangi inayozunguka mwili, au maua yaliyochorwa kwa namna isiyopatikana bonde jingine. Jirani yangu alikuwa na wachache tu, baadhi aliokuja nao sandukuni, baadhi waliotumwa na wazazi wake. Lakini kila mmoja alikuwa na habari zake: bonde alikotoka, mti aliokerezwa, fundi wake, na mwalimu wa fundi huyo. Alikuwa Embu, mbali na kwao kwa maelfu ya kilomita, na bado ukoo mzima wa mafundi ulikuwa umesimama juu ya rafu yake.

Nilipomtazama kokeshi nilimwona mwana hiti. Kwetu Wazaramo, kama ilivyo kwa Wakwere na Waluguru, mwana hiti ni mwanasesere wa mbao anayepewa mwali akiwa ndani. Naye ni kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, chenye matiti madogo, na juu ya kichwa vishungi viwili vya nywele. Mwali humtunza kama mtoto: humpaka mafuta, humpamba, humlaza. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi na Wazaramo, aliziandikia mila hizo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1970. Nyumbani kwa bibi yangu, Kisarawe, alikuwapo mwana hiti mmoja, mweusi kwa mafuta na kwa mikono ya vizazi. Bibi aliweza kuwataja wanawake wote waliomlea, kuanzia mama yake mzazi. Jina la aliyemchonga hakulijua. Hakuna aliyemwambia, na waliolijua walikwisha kufa.

Ukienda katika makumbusho za Ulaya na Marekani utawakuta wana hiti wengi ndani ya vioo. Mara nyingi kibao cha maelezo hutaja kabila na nchi, basi. Mchongaji hayupo. Msanii wa Ulaya wa miaka hiyo hiyo, katika chumba cha pili, ametajwa kwa jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

Jambo hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Niliamua kuanza mkusanyiko wangu mwenyewe, si wa wanasesere wa Japani wala wa Uzaramoni, bali wa vitu vya mbao vya nchi niliyoolewa. Sharti likawa moja: kila kitu kiingie kwenye daftari kikiwa na jina la fundi, jina la mti na jina la mahali.

Mama mkwe ndiye aliyelifungua daftari hilo. Jikoni kwake Runyenjes alikuwa na mwiko mrefu wa kusongea ugali wa sherehe, umechongwa na kaka yake mkubwa kwa mti wa muiri. Alinitajia jina la kaka yake, la baba yao, na la kijito ambako mti ule uliota. "Chukua, mwanangu," alisema. "Hapa watoto wananunua ya madukani." Nikaandika yote aliyoyasema, naye akanitaka nimsomee. Alisahihisha jina la kijito, kisha akaridhika.

Lazima mkusanyaji ajue mapema kwamba nyanda hizi hazina desturi kubwa ya kuchonga sanamu za watu. Waembu, Wambeere, Wachuka na Wameru hawakuwa na mwana hiti. Wasichana wadogo walibeba gunzi la mahindi mgongoni, ndevu za mahindi zikiwa nywele za mtoto. Ustadi wa mbao uliingia kwenye vitu vya kazi na vya heshima: vinu na michi, vigoda, mizinga ya nyuki, ngoma, vikebe vya ugoro, fimbo za wazee. Anayetafuta uso wa binadamu atarudi mikono mitupu. Anayetafuta mkono wa binadamu ataupata kila mahali.

Safari yangu ya kwanza ilishuka badala ya kupanda. Kutoka mjini Embu kuelekea Siakago na Ishiara, kahawa na migrivilea ya mipakani mwa mashamba huachwa nyuma, udongo mwekundu hufifia, na joto la Mbeere hukupokea pamoja na migunga. Huku nyuki ni mali. Mzinga wa jadi ni gogo lililochimbwa likawa tupu, ncha zake mbili zikazibwa kwa vifuniko vya mbao vyenye tundu la nyuki, kisha ukatundikwa tawini kwa ndoano ya mti wenye panda. Kazi ya kuchimba gogo kwa tezo na patasi ndefu huchukua siku kadhaa, na mrina asali mzuri alikuwa pia mchongaji mzuri.

Mzee mmoja nje kidogo ya Ishiara alinipeleka nyuma ya ghala lake, ambako mizinga ya zamani ilikuwa imelala kivulini. Ubavuni mwa kila mmoja palikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto.

"Hii ni alama ya ukoo wetu," alisema. "Mtu akiukuta mzinga msituni, anajua asiuguse."

"Na aliyeuchonga, mzee, anajulikanaje?"

Akachutama, akapitisha kiganja juu ya gogo moja, kisha juu ya jingine. "Huu ni mkono wa baba. Huo ni wangu. Tazama makato ya tezo. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, makato yake yanalala huku. Yangu yanalala kule."

Niliinama nikatazama. Ilikuwa kweli. Makato madogo, mamia kwa mamia, yalilala upande mmoja kwenye gogo moja na upande wa pili kwenye jingine. Alama ya ukoo ilimlinda mwenye mali, na yeyote angeweza kuisoma. Alama ya fundi nayo ilikuwapo muda wote, lakini alibaki mtu mmoja tu aliyeweza kuisoma. Vijana wake wanafuga nyuki kwa mizinga ya masanduku, pamoja na ile ya vijiti vya juu iliyobuniwa nchini Kenya miaka ya 1970, na wanapata asali safi zaidi kwa kazi nyepesi zaidi. Siwalaumu. Ila tezo la kushoto litakapokosa msomaji, gogo lile litakuwa kuni.

Mzinga wa baba yake hakuuza, nami sikuomba. Aliniuzia mdogo aliouchonga mwenyewe. Tuliandika jina lake kwa penseli ndani ya kifuniko, na katika daftari nikaandika habari za mizinga yote miwili.

Barabara ya Embu kwenda Meru huuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, ikikata mto baada ya mto. Unaingia bondeni, unavuka daraja, unapanda, halafu unaanza upya. Ukiuvuka mto Thuci umetoka kaunti ya Embu na kuingia Tharaka-Nithi. Upande wa kushoto mlima hujificha mawinguni karibu siku nzima. Upande wa kulia ardhi inateremka hadi Tharaka na bonde la mto Tana. Kwa mtu wa vitu vya mbao barabara hii ina faida kubwa, kwani kila mteremko una miti yake. Juu ni msitu wenye baridi, katikati ni mashamba ya chai na kahawa, chini ni nyika. Fundi wa juu na fundi wa chini hawatumii gogo moja.

Mti wanaokutana nao mafundi wengi ni muringa. Kwetu Tanzania tunauita mringaringa. Ni mwepesi, haupasuki ovyo, unachimbika bila kupigana na tezo, ndiyo maana umekuwa ngoma, mzinga, kinu na kigoda kwa watu wa mlima huu tangu zamani. Wakulima wengi huuacha uote katikati ya kahawa, maana kivuli chake hakiudhi zao.

Huko Chuka muringa hulia. Wapiga ngoma wa Chuka wanajulikana Kenya nzima kwa ngoma zao ndefu, zinazofungwa kwa mkanda na kubanwa katikati ya mapaja, mpigaji akiinama mbele huku akicheza nazo. Niliwakuta wazee wa kikundi kimoja wakijiandaa kwa arusi, wakizipasha ngoma zao moto ili ngozi ikaze. Mmoja alinifundisha kutofautisha umri wa vitu viwili vilivyo katika ngoma moja. Ngozi hubadilishwa kila inapochoka. Gogo hurithiwa. Lake alilipata kwa mjomba wake, na mjomba alilichonga wakati wa ujana. Nilimuuliza kama jina la mjomba limeandikwa popote.

"Limeandikwa hapa," akasema, akigusa kifua. "Lakini kama unaandika, liandike na wewe."

Ngoma ile iko Chuka na itabaki Chuka, na bado imo katika mkusanyiko wangu. Ina ukurasa wake: jina la mjomba, mti, urefu, picha tatu, na arusi iliyopigiwa siku hiyo. Tangu hapo nilielewa kwamba si lazima kitu kihame kwa mwenyewe ili kihifadhiwe, na kurasa za namna hii zimeongezeka kuliko vitu vilivyo nyumbani.

Baada ya Chuka barabara inateremka kwa ukali hadi daraja la Nithi, ambapo abiria wa matatu hunyamaza, kwa maana ajali za pale zinajulikana na kila familia ya huku. Kisha ni njia ya kuelekea Chogoria, halafu Nkubu, mji wenye shughuli nyingi karibu na Meru. Hapo nilikaa zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa ajili ya fundi mmoja wa vigoda.

Karakana yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne, kando ya migomba. Kigoda cha jadi cha huku kina miguu mitatu na hakiungwi. Hakina msumari wala gundi. Kikalio na miguu yote hutoka katika kipande kimoja cha gogo. Miguu ni mitatu kwa sababu kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa ya udongo wenye mabonde. Fundi huchora duara juu ya kipande, kisha huingia kwa tezo kutoka chini, akitafuta nafasi kati ya mguu na mguu, na mwisho huchimba kikalio kidogo kwa patasi ya duara. Gogo huchongwa likiwa bichi, maana likikauka linalichosha tezo. Baada ya hapo kigoda hufunikwa gunia na kuachwa kivulini wiki nyingi. Kikiharakishwa juani, hupasuka kutoka katikati hadi ukingoni, na kazi yote inapotea.

Zamani mzee aliyeheshimika alikuwa na kigoda chake, na watu wengine hawakukikalia bila idhini. Leo wanunuzi wakubwa ni hoteli, wenye arusi za kimila na watu wa mjini wanaotaka kitu cha asili sebuleni. Fundi anashukuru kwa biashara hiyo. Mimi nilitaka kigoda kimoja, na nikataka jina.

"Fundi, nakuomba uandike jina lako chini."

Alikipindua kigoda mapajani, akakitazama. "Mama, mkono wangu hauko peke yake hapa. Yule kijana ndiye aliyetoa umbo la kwanza. Mimi nilitoa miguu. Msasa ni wa binti yangu."

"Basi tuandike wote watatu."

Alinyamaza kidogo, kisha akatoa jambo lililokuwa moyoni. "Na huu ni muuru. Watu wa misitu wakiukuta, jina langu likiwa hapo, wakiniuliza mti ulitoka wapi?"

"Ulitoka wapi, fundi?"

"Shambani kwa shemeji yangu. Upepo uliuangusha. Chifu mwenyewe alikuja kuuona."

"Hilo nalo tuliandike."

Hofu yake ina msingi. Muuru, ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru ingawa si mwaloni hata kidogo, asili yake ni miteremko hii ya Mlima Kenya. Mbao yake ni nzuri, ina rangi ya kahawia yenye mistari, na uzuri huo umeuponza: umekatwa sana hadi kuhesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na tangu hapo kila anayeshika tezo karibu na msitu amezoea kuulizwa maswali. Fundi mwaminifu na mwizi wa magogo hutazamwa kwa jicho moja, kwa sababu vitu vyao vikifika sokoni havina chochote cha kuvitenganisha.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jina linafanya kazi kubwa kuliko kumkumbuka msanii. Kigoda kinachotaja fundi, shamba na namna mti ulivyoanguka kinamlinda fundi, na kinaulinda msitu pia. Kigoda kisicho na jina kinaweza kuwa kimetoka popote. Tulikubaliana, nikaandika maelezo ya mti kwenye karatasi, akaweka sahihi. Kisha binti yake akaupasha msumari moto katika jiko la makaa, wakachoma herufi za majina yao, kila mmoja la kwake, chini ya kikalio kati ya miguu mitatu.

Mji wa Meru umepanda juu ya mabega ya mlima, na msitu wa Imenti uko mlangoni pake. Humo umo mti mkubwa uitwao King Muuru, mkongwe ambao watu husafiri kwenda kuuona. Simama chini yake kabla hujanunua chochote cha muuru. Utajua kinachotolewa kwa ajili ya kila kigoda, na utanunua kwa kiasi.

Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, ndiyo darasa bora la mkusanyaji anayeanza. Vitu vya nyumbani vya Wameru viko pale, na bustani ya miti ya dawa iko nje. Nilipitia vitu hivyo pamoja na mzee mmoja wa mjini aliyekuwa amewaleta wajukuu. Aliposikia natoka pwani alinishika mkono kwa furaha. Masimulizi ya Wameru yanasema babu zao walitoka Mbwaa, mahali penye maji ya bahari, wakasafiri vizazi hadi kufika mlimani. "Basi wewe ni wa nyumbani," akasema. "Umechelewa tu kufika." Kisha akawaeleza wajukuu kila chombo kilitumikaje, nami nikasimama karibu kama mjukuu mwingine.

Ukitoka kwenye makumbusho ukaingia madukani, utakutana na twiga, vifaru na wapiganaji wa mbao. Muulize muuzaji, wengi watakuambia ukweli kwamba vimetoka Ukambani. Historia yake inafaa kujulikana. Mutisya Munge wa Wamunyu, huko Machakos, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wa huko, wengine wanasema Wamakonde, wengine wanasema Wazaramo. Aliporudi alianza kuchonga sanamu za kuuza, akawafundisha wa kwao, na biashara ikaenea Kenya nzima. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliunda ushirika wao Changamwe, Mombasa. Nilipoutembelea niliona chini ya sanamu namba ya mwanachama, ili kila mtu alipwe jasho lake. Namba ni jambo la haki na nimeliheshimu. Natamani jina lisimame karibu nayo, maana mnunuzi wa Berlin au Osaka hana daftari la ushirika.

Na kuna vitu ambavyo mkusanyaji hatakiwi kuvigusa kabisa. Pwani ya Kenya, Wamijikenda huwasimamishia wazee waliokufa wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao zenye umbo la mtu, ili roho zao zitulie. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vingi viling'olewa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, hadi vikajaa katika makumbusho na majumba ya matajiri wa Marekani. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mwaka 1985 akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, vikaonekana katika makumbusho ya vyuo viwili vya Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa kijijini. Vilirudi kwa sababu ilikuwapo picha, lilikuwapo jina, na palikuwapo mahali. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha vingine 37. Vingi zaidi havijulikani ni vya nani, kwa sababu aliyevinunua hakuuliza, na aliyeviuza hakutaka kusema.

Kwa hiyo nimejiwekea mipaka, nami nawashauri wengine wajiwekee. Kilichosimamishwa kwa ajili ya marehemu kibaki kilipo. Fimbo ya mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, haiuzwi, hata mjukuu wake akiileta sokoni kwa shida. Kitu cha kale kisitoke nchini kimyakimya: sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1895, na huwezi kuvivusha mpaka bila kibali. Sisi tunaoishi kati ya nchi mbili tunapaswa kuijua sheria hiyo kuliko wengine, kwa sababu masanduku yetu huvuka Namanga na Holili mara kwa mara.

Ukitaka kuanza, anza na kitu kipya kutoka kwa fundi aliye hai. Kipya chenye jina kina thamani kuliko cha kale kisicho na mwenyewe. Lipa bei anayostahili, na kama unahitaji aandike sahihi, mwombe. Asipotaka, heshimu, uliza sababu. Andika lugha aliyoutajia mti, usiubatize upya. Mpige picha akikubali, na umpelekee nakala. Nyumbani, weka mbao mbali na jua la dirishani na moshi wa jiko. Ukiona unga mwembamba chini ya kigoda, wadudu wameingia. Kitenganishe na vingine siku hiyo hiyo. Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta kidogo, na kikalie. Kigoda kinachokaliwa hudumu.

Nina ombi kwa wenye nguvu kuliko mimi. Kaunti za Embu, Meru na Tharaka-Nithi zina walimu wa sanaa, maofisa wa utamaduni na vijana wenye simu za kupigia picha. Kazi ya kuwaandika mafundi wa mbao, kijiji kwa kijiji, haihitaji jengo wala mkopo. Inahitaji mtu wa kukaa na mzee nusu siku na kusikiliza. Shule zinaweza kuifanya kuwa kazi ya likizo. Makumbusho zetu zinaweza kuongeza mstari mmoja kwenye kila kibao.

Nawe msomaji, popote ulipo, kwenu kuna kinu, mzinga, kigoda au mwiko ambao watu wanaujua mkono uliouchonga. Uliza leo. Andika jina, mti na mahali, uweke karatasi hiyo pamoja na kitu chenyewe, na uwasomee watoto. Anayelijua jina hilo bado yu hai, lakini hatakungoja siku zote.